Bana, Geuza

Wateja wapya huuliza kwanza: hizi ni sambusa?
Nasema si sambusa.
Maandazi, basi, yaliyokonda?
Si maandazi. Kula, ni mia tano tu, utajua mwenyewe.

Soko la Tengeru siku ya Jumamosi halina nafasi ya historia.
Kuna matope. Kuna mikungu ya mshare imelazwa kama wagonjwa,
kuna mama Mnkya anayegombana na mzani wake,
na mimi na karai langu, moshi machoni.

Lakini ukikaa, ukaagiza na chai, nitakwambia.

Bibi yangu Nakiete alikuwa na miaka kumi na minne,
akipeleka mayai kambini kwa wale Wapolandi
walioletwa huku na vita vya kwao,
wanawake na watoto wengi, wanaume wa kuhesabu,
katika vibanda vya duara vilivyopakwa chokaa.
Mayai sita kwa kipande cha sabuni. Ndiyo ilikuwa bei.
Siku moja Bi Stefania hakuwa na sabuni.
Akamshika mkono, akamkalisha mezani,
akamwaga unga mbele yake.

Hawakuwa na lugha moja kati yao.
Walikuwa na unga.

Chupa tupu ikasukuma, glasi ikakata miduara,
kiazi kilichopondwa katikati, kijiko kimoja, si zaidi,
kisha ukingo: bana, geuza, bana, geuza,
kidole gumba kikiacha alama kama nyayo za njiwa.
Bibi akakosea, akachapwa kidogo mkononi.
Akakosea tena. Wakacheka.
Jina aliliokota lilivyoanguka, pirogi,
kufika nyumbani limeshakuwa birogi,
na birogi tumebaki nalo.

Wapolandi waliondoka. Wengine hawakuondoka:
wamelala kule nyuma ya chuo, misalaba kwa mistari.
Bi Stefania alikwenda upande upi, Bibi hakujua.

Viazi vilipopanda bei, akajaza mshare.
Mume wake akasema: leo mtori umevaa koti.
Mama yangu akaolewa Ngarenaro,
na jirani yake Hodan, Msomali wa nyuma ya msikiti,
akazionja zikiwa zimechemshwa, akanyamaza kwa adabu.
Kesho yake akaja na bizari, iliki, na karai la mafuta.
"Dada, hizi zinaona baridi."
Tangu hapo tunakaanga.
Pilipili nimeleta mimi, pamoja na achari ya embe
niliyoiiba kwa macho jikoni kwa Kusumben, Usa River,
nilikofua nguo miaka miwili.

Juma lililopita kijana mmoja Mpolandi alitoka makaburini,
suruali ina vumbi magotini,
na mwongozaji wake, akitaka kumfurahisha, akamwambia:
onja hii, chakula cha asili cha Wameru.
Sikubisha. Hata mahindi yalikuja mfukoni mwa mtu.
Kijana akala, akaupepea ulimi,
akapiga picha, akauliza linaandikwaje.
B, nikamwambia, i, r.
Hakushtuka.

Kisha akachukua ya pili,
na kabla hajaiuma, kidole gumba chake kikapita
polepole ukingoni, alama kwa alama,
kikasimama.
Kikarudi mwanzo.

Nilingoja aseme neno.
Lakini wateja wanne walikuwa wananipigia kelele,
mafuta yanaungua, mama Mnkya anadai chenji yake ya juzi.
Nilipogeuka, ameshakwenda.
Noti ya elfu tano chini ya kikombe.

Basi. Chai yako inapoa.
Utachukua ngapi?